Onyo ni nafasi ya mtu kusema "si mimi"

Kila polisi wanapomuua mtu anayeshukiwa kuwa gaidi, mabishano hugawanyika palepale. Huyu anasema gaidi hana haki, yule anasema polisi ni wauaji. Wote wawili wananichosha, maana wote wanaanza kuhesabu kwenye risasi, ilhali risasi ndiyo huja mwisho.

Chukua tukio la kituo cha Stockwell, London, Julai 22, 2005. Wiki mbili kabla, mabomu yalikuwa yameua watu 52 kwenye treni za chini ya ardhi na basi moja. Siku moja kabla, wengine walijaribu tena, mabomu yakagoma kulipuka, nao wakatoroka. Katika begi lililoachwa ikapatikana kadi ya ukumbi wa mazoezi, na kadi ikawapeleka polisi kwenye jengo moja la ghorofa kusini mwa jiji. Asubuhi akatoka humo Jean Charles de Menezes, fundi umeme kutoka Brazil, umri miaka 27. Aliishi katika jengo hilo, mlango mwingine kabisa. Askari aliyewekwa kumtambua kila anayetoka alikuwa amekwenda haja ndogo. Kikosi cha silaha kilichotakiwa kuwa karibu kilikuwa bado hakijafika.

Kwa hiyo akaachwa apande basi. Akashuka Brixton, akakuta kituo cha treni kimefungwa, akarudi kwenye basi. Abiria yeyote angefanya hivyo, lakini kwa waliokuwa wakimfuata, huko kurudi kulionekana kama mbinu ya kukwepa macho. Mpaka anaketi kwenye treni ya Stockwell, hakukuwa na utambuzi wa uhakika. Askari mmoja akamkumbatia na kuibana mikono yake, wengine wakampiga risasi saba kichwani.

Kichwani, kwa sababu risasi ya kifuani inaweza kulipua bomu, na mtu aliyejeruhiwa tu bado anaweza kubonyeza kitufe. Bila onyo, kwa sababu onyo humpa muda wa kukibonyeza. Ukiwa unamkabili mtu aliyejifunga mabomu kweli, hoja hiyo siipingi. Juni 2017, washambuliaji watatu wa London Bridge walikuwa wamevaa fulana za mabomu zilizokuja kugundulika kuwa za bandia. Polisi waliwaua ndani ya dakika nane tangu simu ya kwanza ya dharura, na sijui nani angewataka wasubiri kwanza wakague fulana. Lakini watu wale walikuwa wanachinja raia mbele ya macho ya watu. Hapakuwa na swali la ni nani.

Hapo ndipo ninaposimama. Onyo si adabu ya polisi tu. Ndiyo nafasi pekee aliyonayo mshukiwa ya kusahihisha kosa lao: anyooshe mikono, ataje jina, aseme si mimi. Ukimnyang'anya nafasi hiyo, basi mzigo wote wa uhakika unauhamishia kwako, tena kabla hujamtuma mwenye bunduki. Polisi wa London walichukua mbinu inayodai uhakika wote wakaitumia wakiwa na dhana. Na waliotafutwa kweli? Wanne walioshtakiwa na kuhukumiwa kwa jaribio lile la Julai 21 walikamatwa wote wakiwa hai, mmoja wao Roma, wakafungwa maisha.

Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliwahi kuliona hili vizuri sana. Machi 1988 huko Gibraltar, makomando wa Uingereza waliwaua watu watatu wa IRA, kundi lenye silaha lililopinga utawala wa Uingereza Ireland Kaskazini, wakiamini wana kitufe cha kulipua gari. Hawakuwa na kitufe wala silaha, ingawa baruti yao ilipatikana baadaye Hispania. Mwaka 1995 majaji hawakuwalaumu wafyatuaji, kwa kuwa waliamini kwa dhati walichoambiwa. Kwa kura 10 dhidi ya 9, waliilaumu operesheni: washukiwa waliachwa waingie, na askari wakapewa makisio kana kwamba ni ukweli uliothibitishwa.

Kuhusu Stockwell, mahakama hiyohiyo ilisema mwaka 2016 kwamba Uingereza haikukosea kwa kutomshtaki askari yeyote binafsi. Hilo naweza kulimeza. Linalonikwama ni kwamba adhabu yote ya jeshi la polisi ilitoka kwenye sheria ya afya na usalama kazini: faini ya pauni 175,000 pamoja na gharama za kesi, mwaka 2007. Sheria ileile inayomshika mwajiri ambaye mtambo wake umemkata mtu mkono!

Ninachotaka si kikubwa. Kamanda anayeruhusu risasi bila onyo aandike, kabla ya kuruhusu, ni nani aliyemtambua mshukiwa, kwa njia gani, na ana uhakika kiasi gani. Akikosa cha kuandika, amri iwe kumzuia mtu huyo mapema, mbali na treni, angali ana muda wa kutaja jina lake.