Loji za Freemason na wanachama wapya: taratibu sawa, ukimya hapana

Ukishuka daladala Buzuruga au Nyakato hapa Mwanza angalia nguzo za umeme, katikati ya tangazo la mganga na la chumba cha kupanga hukosi karatasi imebandikwa kwa gundi, jiunge na Freemason upate utajiri, chini namba ya simu. Ukipiga mtu anapokea fasta, anakuita ndugu, tuma hela ya fomu, ukituma anataka nyingine ya usajili, af baada ya hapo simu haipatikani. Na ukishatapeliwa hivyo hata polisi unaona aibu kwenda, utaanzaje kuelezea.

Nimeanza na hilo makusudi, maana kuna mjadala kuhusu hizi loji, yaani matawi ya chama cha Freemason, kwamba zilegeze mlango ili wanachama wapya waingie na wakae, au zibaki na utaratibu wa wazee kama ulivyo. Wengi wanauchukulia kama wa Wazungu huko, lakini kwa sisi wa Kanda ya Ziwa unatugusa moja kwa moja kwa sababu ya hao matapeli.

Kwanza tuelewane tunaongelea kina nani. Freemason wa mfumo wa Kiingereza wanahesabu mwanzo wa Loji Kuu yao, yaani chombo kinachosimamia loji, mwaka 1717 pale London, loji nne ziliungana. Mfumo huo umefika Afrika Mashariki zamani tu, Dar jengo lao lipo Sokoine Drive, halijajificha, na Mtanzania aliyejitokeza sana hadharani kuwaongelea ni Sir Andy Chande, mfanyabiashara, aliwaongoza Afrika Mashariki kwa miaka mingi, akafariki 2017. Kujiunga kwenyewe kuna hatua. Unaomba mwenyewe, anatakiwa mwanachama wa kukupendekeza na mwingine wa kuunga mkono, kamati inakaa na wewe inakuhoji, jina linapelekwa kwenye kikao na watu wanapiga kura ya siri kwa gololi nyeupe na nyeusi. Gololi nyeusi tatu zinakutoa, na loji inaweza kujiwekea kanuni kali zaidi hata moja ikatosha. Lazima uamini kuna Mungu, dini yoyote sawa. Ukishaingia kuna daraja tatu, na kati ya daraja moja na lingine lazima zipite angalau wiki nne.

Sasa wanaotetea utaratibu wa zamani wana hoja nzito kuliko watu wanavyodhani. Desturi yao kubwa ni kwamba Freemason hamfuati mtu kumshawishi ajiunge, mtu anakuja kwa hiari yake. Kwa mazingira yetu hiyo desturi ni kinga kabisa, maana yeyote anayekufuata kwa meseji au kukubandikia tangazo anakuwa ameshajianika kwamba sio wao. Ukianza kampeni za kusaka wanachama umeua hiyo alama, na tapeli na loji halisi mwananchi atashindwa kuwatofautisha.

Hoja yao nyingine ni ya muda. Marekani walikuwa zaidi ya milioni 4 mwaka 1959, siku hizi hawafiki hata milioni 1, na katika kuhangaika na huo mporomoko kuna Loji Kuu kadhaa za kule zilianza kupitisha watu daraja zote tatu kwa siku moja, ukumbi umejaa, mmoja anafanyiwa ibada ya daraja mbele na wengine wote wamekaa kwenye viti wanaangalia. Wanaotetea hiyo njia ya siku moja wanasema mtu wa kazi za shifti na watoto wadogo nyumbani hana miezi ya kusubiri, na kweli wapo walioingia kwa njia hiyo wakawa wanachama wazuri tu. Mi bado nasimama na wazee hapo. Kama kitu chenyewe thamani yake ni kukipitia wewe, kukaa kwenye kiti ukiangalia mwenzako anakipitia umepewa nini hasa? Bora wachache.

Ila kwenye ukimya wazee wanakosea, na wanakosea vibaya. Wapo wanaosema tukianza kujieleza tutaishia kutoa kila kitu, siri ikiisha na chama kimeisha. Hapana bana. Sisi huku tunajua chama chenye siri kinavyoishi na watu, chukua Bayeye wa Usukumani, wale wacheza nyoka, dawa zao hawakufundishi mpaka uingie chamani, lakini mtaa mzima unajua ni kina nani, ngoma yao inachezwa uwanjani mchana kweupe, nenda Bujora pale Kisesa kwenye Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita ujionee. Siri yao iko kwenye dawa na bado kila mtu anajua wapo. Hata London jengo kuu la Freemason lina makumbusho, mtu yeyote anaingia. Kinachozuia loji za huku kuandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida ni nini, kwamba hatumtafuti mtu, hatuchukui hela kwa simu, hakuna utajiri humu, hatua ni hizi, ada ni hizi? Hilo halivunji kiapo cha mtu yeyote, na lingeokoa hela za vijana wengi sana.

Tukija kwenye kumpokea mtu akishapita kura, hapa ndo naona loji nyingi zinajiumiza zenyewe bila kujua. Yaani mfikirie mtu aliyeingizwa kikao kilichopita. Leo kaja na suti yake nyeusi imenyooshwa, ratiba inafika kwenye kazi ya daraja la tatu, anaambiwa atoke kwa sababu hajafika huko, ndo kanuni. Anakaa chumba cha nje saa nzima, na mlinzi wa mlango wa nje yupo ila naye ana kazi yake. Kikao kikiisha wote wanaenda mezani kula, kila mtu anakaa na rafiki yake wa miaka 20, mgeni anajibanza mwisho wa meza. Na huyo kama katoka Mwanza kwenda kikao Dar kasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kuja kukaa hivyo. Mara ya tatu atatuma udhuru, ya nne hata udhuru hutauona.

Wazee watakwambia sote tulipitia, kusubiri kunamfunza mtu subira. Sawa, asubiri, lakini kwa nini asubiri peke yake? Loji za Kiingereza zina cheo rasmi cha mlezi wa wanachama wapya, kwa hiyo sio kwamba naleta jambo geni. Huyo mlezi, au hata yule aliyempendekeza, atoke naye, wakae wapitie yale maswali ambayo lazima ayajibu kwa kichwa kabla ya kupanda daraja, amweleze alichokiona siku ile maana siku ya kwanza mtu hashiki kitu kwa woga, af mezani amkalishe karibu na watu wawili watatu asiowajua. Ni kazi ya saa moja, haina bajeti.

Vikao navyo, kinachochosha ni mambo ya ofisi, kumbukumbu za kikao zinasomwa neno kwa neno, barua zinasomwa, matangazo, mtu anasimama kuongelea jambo lile lile. Tuma kumbukumbu mapema kwenye simu za watu, kikaoni thibitisha tu. Mahesabu hapana, hapo nakubaliana na wanaotaka yasomwe kwa sauti, hela ya watu isemwe mbele za watu. Ibada yenyewe isifupishwe, irudiwe mazoezini mpaka watu waijue, maana kinachoua ladha ni mtu kukwama kila sentensi ananong'onezewa. Na saa kumi na moja iwe saa kumi na moja.

La mwisho ni imani, na wengi wanalikwepa. Mwanza ina Wakatoliki wengi, na kanisa lao limekataza Freemason tangu 1738, likarudia 1983 kwamba muumini aliyejiunga haruhusiwi kupokea komunyo, na Novemba 2023 Vatikani ikasisitiza tena. Loji zinasema hazina shida na dini ya mtu, ndani hata kujadili dini na siasa ni marufuku, na kwa upande wao ni kweli. Lakini kuna mtu atatoka pale na Jumapili inamsubiri, pamoja na mke na wakwe zake. Kamati inayohoji lazima imwambie hilo waziwazi kabla ya fomu, pamoja na ada ya kuingia, ya mwaka, ya chakula na michango ya misaada, yote. Akishaambiwa hayo na bado anataka, apewe fomu. Akisema ngoja kwanza nikaongee na mke wangu na paroko, asubiriwe hata mwaka.