Mae Jemison na safari yake moja

Tarehe 12 Septemba 1992 chombo cha Endeavour kiliruka kutoka Florida kikiwa na watu saba. Mmoja wao alikuwa Dkt. Mae Jemison, mwanamke Mweusi wa kwanza kufika anga za juu. Alirudi baada ya siku nane hivi, Machi 1993 akaacha kazi NASA, shirika la anga za juu la Marekani, na hakuruka tena. Ndiyo maana wapo wanaouliza: safari moja imebadilisha nini hasa?

Swali hilo lina uzito. Mwanamke Mweusi wa pili, Stephanie Wilson, aliruka mwaka 2006. Miaka 14 ilipita. Mtoto aliyezaliwa siku Endeavour iliporuka alishafika sekondari. Wa kwanza kuishi miezi kwenye kituo cha anga za juu, Jessica Watkins, alikwenda 2022. Picha ya Jemison akitabasamu ndani ya suti ya rangi ya chungwa ilikuwa imeenea kote, na picha kama hiyo inaweza kulipatia shirika sifa ya kazi ambayo ndiyo kwanza imeanza. Hilo nalikubali kabisa.

Ninachokataa ni kumpima kwa idadi ya safari. Tazama alichobeba: picha ya mcheza dansi Judith Jamison, sanamu ya chama cha wanawake cha Bundu kutoka Sierra Leone, nchi aliyowahi kuitumikia kama daktari wa Peace Corps, shirika la Marekani la watu wanaojitolea, na picha ya Bessie Coleman, Mmarekani Mweusi aliyenyimwa mafunzo ya urubani kwao akayafuata Ufaransa, akapata leseni mwaka 1921. Mizigo hiyo ilizunguka dunia ndani ya Endeavour, katika maabara ambamo mayai ya chura yalirutubishwa bila uzito na viluwiluwi wakaanguliwa, huku Jemison akijifanyia mwenyewe majaribio ya kutuliza kichefuchefu bila dawa. Mhandisi na daktari aliyesomea pia masuala ya Waafrika pale Chuo Kikuu cha Stanford aliingia na vyote alivyokuwa navyo. Kwangu mimi, athari yake kubwa ni hiyo.

Na alama zina nguvu, maana yeye mwenyewe alivutwa na alama. Akiwa mtoto Chicago alimtazama Nichelle Nichols kwenye televisheni akiigiza Uhura katika Star Trek, tamthilia ya safari za anga za juu; jina hilo lilichotwa katika neno letu uhuru. Baadaye Nichols huyo aliifanyia NASA kampeni ya kuwatafuta wanawake na watu Weusi. Mwaka 1993 Jemison naye aliigiza katika Star Trek, mwanaanga halisi wa kwanza kufanya hivyo. Inanigusa zaidi kwamba alijifunza Kiswahili, na akiwa kijana alifanya kazi na Flying Doctors, madaktari wanaowafuata wagonjwa kwa ndege, huku Afrika Mashariki.

Kuhusu kuondoka, wanaosema alipoteza nafasi adimu wana lao. Lakini alikwenda kufundisha chuo cha Dartmouth huko Marekani, akaanzisha kambi ya sayansi kwa vijana, na tangu 2012 anaongoza mradi wa 100 Year Starship, wa kuandaa safari ya binadamu kwenda nyota nyingine ndani ya miaka mia. Utotoni, alipomwambia mwalimu wa chekechea kwamba anataka kuwa mwanasayansi, aliulizwa kama hakumaanisha nesi. Mtu aliyekataa kupangiwa maisha akiwa na umri huo hakuwa na deni la kubaki NASA ili apigwe picha. Ile miaka 14 waulizwe waliokuwa wakichagua wanaanga.