Nikapime jeni ya mwanangu au niache? Tuiongelee PAK3

Juzi nilikaa na dada mmoja wa ukoo wetu, ana watoto wawili wa kiume, mkubwa ana miaka 11 na maneno anayoongea unaweza kuyahesabu, mdogo ana miaka 6 na dalili zinafuata njia ile ile. Kaka yake huyo dada, yaani mjomba wa hawa watoto, naye alikuwa hivyo hivyo maisha yake yote. Daktari aliposikia habari ya mjomba akamwambia mama, ukiona wanaopata ni wanaume na inapita upande wa mama basi inafaa mpimwe vinasaba, akamwandikia karatasi. Ile karatasi kaikunja mara nne kaichomeka ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto, mume hajaiona mpaka leo. Swali aliloniuliza ni moja tu, nikapime au niache?

Sikumjibu siku ile, na tangu hapo nimekuwa nikiliwaza, kwa hiyo naomba niliweke hapa lote kama lilivyo.

Kwanza tuelewe kinachotafutwa. Jeni ni kipande cha vinasaba chenye maelekezo ya mwili, na jeni zimefungwa kwenye vifurushi vinaitwa kromosomu. Mwanamke ana kromosomu X mbili, mwanaume ana X moja na Y moja, na ile X moja lazima kaipata kwa mama. Kwenye X peke yake kuna jeni zaidi ya 100 ambazo zikiharibika mtoto anaweza kupata ulemavu wa akili. Nachukua moja inaitwa PAK3. Kazi ya protini yake ni kupokeza ujumbe ndani ya seli. Ujumbe ukifika kwenye seli ya ubongo, protini mbili ndogo, Rac na Cdc42, zinaigusa PAK3 ambayo muda wote huwa imejikunja imejifunga yenyewe, inafunguka, inaanza kubandika kipande cha fosfeti kwenye protini nyingine, hiyo nayo inapeleka mbele, mpaka mwisho wa mnyororo zinapangwa zile nyuzi za aktini zinazoipa seli umbo. Na umbo lenyewe tunaloongelea ni vile vichomozo vidogo sana kwenye matawi ya seli za ubongo ambapo seli moja inapokea habari kutoka kwa mwenzake. Mwaka 2004 watafiti walipoipunguza PAK3 kwenye vipande vya ubongo wa panya, vichomozo vikarefuka vikawa vyembamba, kama havijakomaa. Mtoto anapojifunza neno jipya, linashika hapo hapo kwenye vichomozo, sasa fikiria pasiposhika vizuri.

Mwaka 1998 ndo ilitangazwa familia ya kwanza yenye kasoro kwenye jeni hii. Herufi moja ya vinasaba ilibadilika, seli ikasoma "ishia hapa" kwenye nafasi ya 419, protini ikakatika kabla ya kumaliza ile sehemu inayofanya kazi. Herufi moja tu jamani. Na ukiwatazama wale wanaume kwa nje huoni kitu, sura ya kawaida, mwili wa kawaida, kinachowashinda ni kujifunza na kuelewa. Ndo maana watoto wa aina hii mtaani wanaitwa wavivu, watundu, wajeuri, wanachapwa shuleni kwa kosa ambalo sio lao.

Sasa wanaosema apime wana hoja, na mimi nyingine zinanigusa sana. Huyu dada kazunguka miaka 9. Kaenda hospitali, kaenda kwa waganga, kaenda kwenye maombi, kaambiwa aliangalia kitu kibaya akiwa mjamzito, kaambiwa wifi yake ndo kamfanyia, kauza cherehani. Jibu lenye jina lingekata huo mzunguko, angejua halikuwa jicho la mtu wala chakula alichokula. Halafu ana mdogo wake wa kike anayetaka kuolewa mwakani, ambaye naye anaweza kuwa amebeba hiyo jeni bila dalili yoyote, na kama amebeba basi kila mtoto wa kiume atakayezaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Huyo binti ana haki ya kujua kabla, akitaka.

Kuna hoja nyingine ambayo watu hawaijui na mimi naiona ina uzito kweli. Kuna ugonjwa mwingine wa X unaitwa Fragile X, unatokana na jeni ya FMR1, na kwa nje mtoto wake unaweza kumchanganya na wa PAK3 hasa akiwa bado mdogo. Mwaka 2013 watafiti walichukua panya waliotengenezewa Fragile X wakawapa dawa inayozuia protini za kundi la PAK, na panya wakubwa kabisa, sio vichanga, wakaonyesha nafuu kwa dozi moja. Maana yake kwenye Fragile X hiyo njia ya ujumbe inafaa ipunguzwe nguvu. Ila kwenye familia yenye PAK3 iliyokatika nguvu yenyewe tayari haipo, dawa ile ile ingekuwa kama kumpokonya mkongojo mtu anayechechemea. Dalili zinafanana, tiba zingepishana. Ukikaa na jina "ulemavu wa akili" tu hutajua uko upande gani.

Upande wa pili nao nauheshimu, sitaki kuupita haraka. Hao ni panya. Mwaka 2014 kampuni ya dawa ya Novartis iliacha kuendelea na dawa yake nyingine ya Fragile X, mavoglurant, baada ya majaribio kwa binadamu kushindwa, wakati kwa panya dawa za aina hiyo zilikuwa zinaleta matumaini makubwa. Kwa PAK3 mpaka leo hakuna dawa. Kwa hiyo huyu mama akipata jibu, kesho yake asubuhi mtoto ni yule yule, anahitaji mtu wa kumfundisha kuongea, mwalimu mwenye subira, choo anachoweza kwenda mwenyewe. Hela ya kipimo ingelipa mwalimu wa mazoezi miezi kadhaa, na hela yenyewe ndo hiyo moja.

Na jibu lenyewe linaweza lisieleweke. Hazina kubwa za vinasaba duniani zimejazwa zaidi na watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo Mwafrika akipimwa mara nyingi linakuja badiliko ambalo maabara haiwezi kusema kama ndo tatizo au ni tofauti ya kawaida ya watu wa kwetu. Kuna mradi unaitwa DDD-Africa, umefanya kazi Afrika Kusini na Kongo kwa watoto wa aina hii, unasaidia kuziba hilo pengo, ila pengo ni kubwa.

Kinachoniogopesha zaidi ya vyote ni kikao. Jibu likirudi limeandikwa "imetoka kwa mama", unajua kitakachofuata. Mama mkwe atasema si nilisema, damu yao mbaya. Mume atapewa ruhusa ya kuoa mwingine. Wakati kitaalamu hakuna aliyechagua, mama anatoa X moja kati ya mbili bila kujua ni ipi, kama baba asivyojua ataitoa X au Y. Tena mara nyingine badiliko huanza kwa mtoto mwenyewe na mama hana kabisa, japo hapa kwetu ukimweka na mjomba picha inaelekea kwingine. Lakini nani kwenye kile kikao atasikiliza hayo? Uchawi ulikuwa unamlaumu jirani, jeni inamlaumu mama, na mama yuko ndani ya nyumba ile ile.

Kwa hiyo nimefika wapi? Naona aanze na vile vinavyotibika. Watoto wale wapimwe homoni ya tezi ya shingo, wapimwe masikio, aulizwe vizuri kama walichelewa kulia walipozaliwa au walipata manjano kali, maana kwenye tezi na masikio kuna vitu vyenye vidonge na vifaa, na ni aibu kutuma damu mbali wakati mtoto hasikii tu. Hapo akimaliza, kipimo cha jeni nakiunga mkono, kwa sababu ya yule mdogo wake, na kwa sababu ya ile miaka 9. Ila jibu apewe yeye kwanza, peke yake, na mtu atakayemchorea X zake mbili kwenye karatasi akaelewa, na aamue mwenyewe kinachotoka na kinachobaki.

Jana nilimpigia nikamwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama naweza kwenda naye siku ya majibu nikae pale nje, na kama mdogo wake anaweza kuja bila ya mtu mwingine kujua. Nikamwambia nitakuja na yeye aje.