Tusiishie kwenye pedi tu

Msichana akivunja ungo hufundishwa kuvaa pedi na kuhesabu siku. Hapo kungwi wa pwani na mwalimu wa baiolojia hawapishani. Mlango wa kizazi, ambao damu yote ya hedhi hupitia, atausikia siku ya kujifungua, mkunga akimwambia amefunguka sentimita nne. Naona tunachelewa mno.

Mlango huo ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, urefu wake kama sentimita 3 hadi 4, wenye tundu jembamba katikati. Haukai vilevile mwezi mzima. Siku za hedhi huwa chini na mgumu kiasi. Yai likikaribia kutoka, unapanda, unalainika, na ute wake unakuwa angavu na kuvutika kati ya vidole viwili kama ute wa yai bichi. Baada ya hapo unakuwa mzito, na mbegu za kiume hazipiti kirahisi.

Ute huu unawasumbua wanawake bure. Mtu anauona kwenye chupi, anakimbilia duka la dawa kununua dawa ya fangasi. Mwingine anajiosha ndani kwa sabuni au ndimu, akiwaua bakteria wanaomlinda. Jamani, uke haudekiwi! Ute wa kupeleka kituo cha afya ni ule unaonuka, unaowasha, wa kijani au wenye mabonge meupe.

Kinachoniuma zaidi ni damu isiyo ya wakati wake. Ikitoka katikati ya mwezi, baada ya tendo la ndoa, au miaka baada ya hedhi kukoma, shoga atakwambia ni sindano ya uzazi wa mpango, mama mkwe atasema mwezi umekurudia. Huenda sindano ndiyo sababu kweli. Lakini huenda pia ni kinyama kilichoota mlangoni, maambukizi, au saratani. Na damu ya mtu aliyekwisha koma hedhi haingoji ushauri wa jirani, ni ya kupelekwa hospitali.

Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kwa wanawake Tanzania, nayo hutanguliwa na miaka ya mabadiliko yanayotibika. Kuyatafuta si kazi kubwa: muuguzi hupaka siki iliyopunguzwa makali mlangoni, husubiri kama dakika moja, na penye shida hugeuka peupe. Mwenye miaka 30 asingoje dalili, na anayeishi na VVU aanze mapema zaidi.

Wasichana nchini wanachanjwa dhidi ya kirusi cha HPV kinachosababisha saratani hiyo. Basi waelezwe wazi, kwa mchoro ubaoni, ni kiungo gani kinakingwa na kiko wapi. Ukimwambia binti "chanjo ya wasichana" ukanyamaza, uvumi kwamba itamfanya mgumba utafika nyumbani kwao kabla yake.