Afande na Mtoto wa Mfungwa

Sheria ya Magereza, Sura ya 90, inamruhusu mama aliyefungwa kukaa gerezani na mwanawe mpaka mtoto atimize miaka minne, na tamthilia tuliyoiigiza hapa Kisumu ilijengwa juu ya kipengele hicho. Katika onyesho la kilele, afande anaingia seli ya wanawake kumchukua mtoto aliyefikisha umri, mama anaangua kilio, naye mtoto anaing'ang'ania shingo ya mamake mpaka wanatenganishwa kwa nguvu. Afande huyo katili nilikuwa mimi, kwa sababu, kwa maneno ya mwelekezi, nina sauti ya kuamsha bweni zima.

Katika mazoezi tulitumia bunda la leso, nalo liliigiza vyema. Siku ya siku ilipofika, mwelekezi akaamua kwamba watazamaji, ambao baadhi yao wamewahi kupelekea jamaa zao sabuni kule gereza la Kodiaga, hawawezi kulilia leso. Mtoto pekee aliyepatikana, mwenye umri ufaao na asiyeogopa watu, alikuwa mwanangu. (Mwelekezi hana mtoto, na jambo hilo linaeleza mengi.)

Mwenzangu aliyeigiza mfungwa alimhonga kwa mandazi wakaelewana, nami nikafichwa nyuma ya pazia. Mambo yalianza vizuri kupita kiasi: akina mama waliofunga vibanda vyao mapema sokoni Kibuye walikwisha kuanza kujipangusa machozi. Nikaingia na buti zangu, rungu mkononi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, nikanguruma, "Wewe! Lete huyo mtoto!"

Mtoto aliitambua sauti, maana ndiyo inayomwamuru kuoga kila jioni. Alichomoka mikononi mwa mfungwa, akanirukia akipiga kelele, "Mama! Mama amekuja!" kisha akanijulisha, kwa sauti iliyofika viti vya mwisho, kwamba anataka kukojoa.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Huku nikijaribu kumbandua kiunoni, nilimnong'oneza mwenzangu aokoe jahazi. Yule mfungwa, aliyekuwa amepiga magoti sakafuni, akainuka polepole, akajishika kiuno na kusema, "Kumbe, afande! Basi leo nimejua kwa nini mume wangu hajaja kunitembelea gerezani hata siku moja."

Hapo pangetosha, lakini mwanangu alisikia habari za mume akaona ni vyema asaidie. Alinyoosha kidole kuelekea safu ya mbele, akatangaza, "Baba yule pale!" Watu wakasimama ili wamwone vizuri mume wangu, mtu mpole aliyekuwa amevaa suti kwa heshima yangu. Mama mmoja aliyeketi nyuma yake alimgonga begani kwa mkoba na kumuuliza kama haoni haya.

Mwelekezi ameshikilia kwamba maneno yale yaingizwe katika mswada. Mume wangu naye ameshikilia kwamba onyesho lijalo atabaki nyumbani, yeye na mtoto.