Uwanda Unaanza Baada ya Isinya

Waendesha baiskeli wengi wa Nairobi ninaowajua ni watu wa milima. Jumapili alfajiri wanapanda Limuru, wanazunguka Ngong au wanajitosa kwenye mteremko wa Mai Mahiu, na jioni wanatumiana picha za simu zinazoonyesha mita walizopanda. Sina ugomvi na mlima. Ugomvi wangu ni pale wanaposema tambarare ni ya wanaojifunza. Toka Nairobi uende Namanga, mpakani na Tanzania, kilomita 160 na ushei, peke yako, kwa siku moja, halafu tuzungumze. Na utakapofika utakuwa umeona kitu ambacho Limuru haiwezi kukuonyesha: jinsi jiji letu linavyoila nyika, ploti moja baada ya nyingine.

Ugumu kwanza. Mlimani ukipanda utashuka, na ukishuka miguu inapumzika. Uwandani hakuna malipo ya aina hiyo. Ni kweli Namanga iko chini kuliko Nairobi kwa mita mia kadhaa, lakini mteremko huo umetawanywa kwenye njia ndefu kiasi kwamba miguu haiujui. Inachokijua ni upepo. Katikati ya mwaka unavuma kutoka kusini-mashariki, upepo ule ule wa kusi unaosukuma majahazi kupanda kaskazini kule pwani, nawe unaelekea kusini, unaupokea kifuani. Asubuhi unakuwa umelala. Kuanzia saa nne hivi, jua likishapasha ardhi, unaamka, na haulali tena hadi magharibi. Hewa ina hesabu yake: ukizidisha mwendo mara mbili, inakukinza mara nne. Ndiyo maana wanaokwenda kwa kundi hupokezana mbele, mmoja anakata upepo wengine wakijificha nyuma yake. Wa peke yake hana mgongo wa kujificha. Anashusha gia, anainamisha kichwa, anakubali kwenda polepole kuliko anavyojisifia.

Basi si ungeenda na kundi? Nimeenda. Tatizo ni kwamba ukiwa kundini kazi yako ni kutazama gurudumu la aliye mbele yako ili usiliguse, na kundi halisimami wala halisemeshwi. Unarudi nyumbani unajua matangazo yote yaliyochapishwa mgongoni mwa jezi za wenzako, na Kajiado hujaiona.

Kutoka mjini hakuna raha, kwa hiyo nitakupitisha haraka. Barabara ya Mombasa, saa kumi na moja alfajiri, chini ya nguzo za Expressway. Njia hiyo ya juu ilifunguliwa 2022, kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands, na baiskeli haziruhusiwi kuipanda. Hilo nalikubali. Nisilolikubali ni kwamba huku chini tulikoachiwa, anayekwenda kazini kwa baiskeli anapenya kati ya matatu na mtaro. Thika Road ilipokamilika 2012 tulionyeshwa kwamba barabara kuu inaweza kuwa na njia ya baiskeli kando yake, hata kama wachuuzi na bodaboda wameifanya yao.

Sasa uwanda. Ramani itakwambia nyanda za Athi na Kapiti zinaanza ukitoka mjini tu. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa 1946, ni kipande chao cha kaskazini, kilomita za mraba 117, na upande wa kusini haikuwekewa ua. Mpaka ni mto. Iliachwa wazi kwa sababu. Mvua zikinyesha, nyumbu na punda milia walitoka wakatawanyika hadi Kitengela na mbele yake, na kiangazi kikiingia walirudi kutafuta maji.

Panda baiskeli uutafute uwanda huo. Athi River ni saruji na malori. Kitengela ni ghorofa na mahali pa kuoshea magari. Ranchi ya pamoja iligawanywa miaka ya 1980, EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje ya nchi, ikaja Athi River muongo uliofuata na wafanyakazi wake wakahitaji vyumba, kisha sisi wa Nairobi tukafuata na ndoto ya ploti ya futi hamsini kwa mia. Ukipita kwa gari, vibao vya mauzo vinakupita. Kwa baiskeli unavisoma vyote: hati iko tayari, maji na stima vipo, dakika tano kutoka lami. Dakika tano za nani, sijui. Nyuma ya kibao kuna waya, nyuma ya waya ukuta wa mawe, na pasipo na ukuta kuna ua wa michongoma. Nimewaona punda milia wakiufuata ua taratibu, pua kwenye waya, wakitafuta mwanya ambao pengine mwaka uliopita ulikuwepo.

Simlaumu Mmaasai aliyeuza. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi Kitengela ili wasiweke ua wala kuuza, dola 4 kwa ekari kwa mwaka. Wazo zuri, na familia zilijiunga. Lakini dola 4 zitashindana vipi na mnunuzi aliyekuja na pesa mkononi, muhula wa shule ukikaribia kufunguliwa? Aliyenunua naye alikuwa anakimbia kodi ya nyumba ya Nairobi. Ninayemlaumu ni yule aliyekuwa na kalamu ya kupanga, akashindwa kuchora hata njia moja pana ya wanyama kabla ploti ya kwanza haijapimwa.

Kwa hesabu ya miguu yangu, uwanda siku hizi unaanza baada ya Isinya. Kabla ya hapo kuna nafasi, ila imekatwa vipande. Baada ya Isinya, na zaidi ukishaipita Kajiado, jicho linapata pa kwenda. Nyasi, migunga, udongo mweusi uliopasuka, na kwa mbali visulisuli vya vumbi, viwili vitatu kwa wakati mmoja, kila kimoja kikienda njia yake. Mawingu yakichelewa, Kilimanjaro inaonekana upande wa kushoto, inaning'inia juu ya ukungu bila miguu. Swala wanainua vichwa. Gari likipita hawashtuki, wamelizoea; baiskeli ndiyo inayowatimua, maana hawajui ni mnyama gani. Utapita pia mahali ambapo ukame uliokula misimu mitano ya mvua mfululizo, hadi mwanzoni mwa 2023, ulilaza ng'ombe, na wafugaji wenyewe watakuonyesha: hapa, na pale, na kule chini ya mti ule.

Watakuonyesha kwa sababu uko peke yako. Hili nalisisitiza. Mtu mmoja juu ya baiskeli hamtishi yeyote, na anaonekana amepatwa na jambo. Ilbisil niliegesha nje ya kibanda cha chai, mama mwenye kibanda akanitazama kutoka viatu hadi kofia.

"Mzee, gari yako imeharibikia wapi?"

"Sina gari, mama. Nimetoka Nairobi na hii."

"Na wenzako?"

"Niko peke yangu."

"Ama mligombana?"

Akaleta chai na chapati mbili nilipoagiza moja. Kijana mmoja wa shuka nyekundu akasogea, tukasalimiana, akauliza baiskeli hii ni ng'ombe wangapi. Ni ya mtumba, nikamwambia bei bila kuongeza. Akaiinua kwa mkono mmoja, akaitua. "Haina nyama," akasema, akaenda zake.

Watu wakisikia baiskeli na Nairobi hutaja Chris Froome, aliyezaliwa hapa 1985 akaja kushinda Tour de France mara nne. Ni haki yake. Lakini kwenye barabara hii ninayemvulia kofia ni mzee wa black mamba, baiskeli ya chuma isiyo na gia, mitungi minne ya maji nyuma, anakwenda na upepo ule ule ninaoulalamikia mimi mwenye gia.

Kuhusu hatari, wote huuliza simba. Simba sijamwona. Hata trela za kwenda Arusha si tatizo kubwa; wengi wa madereva wake hupiga honi mapema na kukupa nafasi. Wa kuogopwa ni mwenye gari dogo anayelipita trela akija mbele yako, upande wako, taa zikiwaka kukuambia utoke barabarani. Toka. Haki yako haitakusaidia. Ndiyo maana natazama ukingo wa lami mbele muda wote, nijue pa kutokea kabla sijalazimika, na nina kioo kidogo kwenye usukani. Muziki masikioni ni upumbavu.

Kati ya Ilbisil na Namanga ni kama kilomita 50 na maduka ni haba, kwa hiyo ondoka Ilbisil na maji lita tatu au nne hata kama mzigo unakuudhi. Beba tyubu mbili na viraka. Miiba ya migunga haiheshimu tairi la bei ghali, na ukikosa pampu, fundi wa bodaboda wa kituo kinachofuata atakusaidia, ila kituo kinachofuata hakiko karibu.

Kurudi ni kwa matatu. Sioni aibu, siku moja ya upepo inatosha. Makanga wa Namanga ataanza kwa kudai baiskeli ilipe nauli ya watu wawili. Mwambie unajua bei, hata kama hujui, toa gurudumu la mbele mwenyewe, na usiingie ndani mpaka umeona kamba mbili zimefungwa juu ya kariagi.