Strokestown: Jumba Lililomficha Mpishi

Barabara kuu ya Strokestown, mji mdogo katika Kaunti ya Roscommon nchini Ayalandi, ni pana kuliko mji wenyewe unavyohitaji. Upande mmoja inakomea kwenye lango la matao matatu la jumba la ukoo wa Mahon. Upande wa pili lipo kanisa la Mtakatifu Yohana, la pembe nane, la Waanglikana. Kabaila huku, kanisa la dini yake kule, na wapangaji wake, wengi wao Wakatoliki, katikati.

Wapenzi wa majengo husifu sura ya mbele ya jumba. Mimi hunivutia jiko. Juu yake kuna roshani, na inasimuliwa kwamba bibi mwenye nyumba alisimama pale kila Jumatatu akawadondoshea wapishi karatasi ya vyakula vya wiki. Hakushuka, hakunusa hata kitunguu! Kisha kuna njia ya chini kwa chini, iliyochimbwa ili watumishi wapite bila kuonekana na wakubwa. Hebu fikiria gharama ya kuchimba ardhi ili tu usimwone anayekupikia.

Agosti 1846, viazi vikiwa vimeoza na Njaa Kuu ya Ayalandi ikiwa imeanza, wapangaji wa Cloonahee, sehemu ya ardhi ya ukoo wa Mahon, walimwandikia kabaila barua ya kuomba msaada. Mwaka uliofuata kabaila huyo, Denis Mahon, aliwasafirisha watu 1,490 kwenda Kanada, na wengi walifia njiani. Novemba mwaka huohuo alipigwa risasi akafa.

Majumba mengi ya makabaila kama hili yalichomwa moto kati ya 1920 na 1923, wakati wa vita vya uhuru wa Ayalandi na vya wenyewe kwa wenyewe. Hasira ile naielewa, lakini nashukuru hili lilisalia. Mwaka 1979 lilinunuliwa na mwenye gereji wa hapohapo mjini aliyekuwa akitafuta eneo la kupanua biashara. Ndani akakuta nyaraka, barua ya Cloonahee ikiwamo. Hakulibomoa, na mwaka 1994 jumba la makumbusho ya Njaa Kuu likafunguliwa pale. Ndiyo maana sina subira na mwenye jumba la kale anayewaonyesha wageni maua na dari za plasta, halafu mlango wa jikoni kaufunga.

Kanisa nalo liligeuzwa kituo cha kutafuta nasaba. Vitukuu wa waliosafirishwa wakitaka kujua babu yao alitoka kijiji gani, wanakwenda kuulizia humo, kanisani kwa kabaila.